Queen ya Kabla ya Umaarufu: Toleo la 2011, At the Beeb, On Air au Sanduku la Queen I?

Mwishoni mwa 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia jengo jipya Wembley, London, na ilikuwa na shida ya makelele: hayakutosha. Mafundi walitaka kupima kuta zinavujisha sauti kiasi gani kutoka chumba kimoja hadi kingine, na kwa kazi hiyo walihitaji bendi ya kupiga kwa nguvu zote. Vijana wanne wa bendi ya Queen, wasio na mkataba wala hela, wakajitolea, kwa sharti moja: wakipiga, mikanda nayo izunguke. Wakatoka pale na demo tano, yaani rekodi za majaribio, ambazo wasingeweza kuzilipia.

Zaidi ya miaka 50 imepita, na sasa demo hizo na ndugu zake zimejaa sokoni kiasi cha kumchanganya mtu. Mpwa wangu, mpiga gitaa wa kwaya moja kule Tanga, aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Naitaka ile Queen ya zamani, ya kabla ya Bohemian Rhapsody. Naona ziko nne na hela yangu ni ya moja. Nichukue ipi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikaandika hadi chai ikapoa. Haya ndiyo majibu yangu, nikiwa nimeyapanga kidogo.

Ninaposema Queen ya mwanzo nina maana ya miaka kuanzia 1970, mwimbaji Freddie Mercury alipoungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor baada ya bendi yao ya Smile kuachwa na mwimbaji wake, Tim Staffell, hadi 1974, "Killer Queen" ilipowatoa kwenye kundi la bendi zinazotajwa na wachache. John Deacon wa besi aliingia 1971. Albamu yao ya kwanza, iliyoitwa Queen tu, ilitoka tarehe 13 Julai 1973.

Kwa sisi wa huku kuna la ziada. Farrokh Bulsara, ndiye huyohuyo Freddie, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, baba yake akiwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo anayeimba kwenye demo za Wembley ni kijana aliyeiacha Zanzibar miaka saba tu na ushei. Usitafute taarabu humo lakini, haimo. Hata ile "Bismillah" ya "Bohemian Rhapsody" ambayo watu wetu huisubiri kwa hamu ni ya 1975, na hatufiki huko.

Tunachopima

La kwanza ni uadimu: je, humu mna kitu ambacho hukipati kwingine? Hili kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, maana mtu hanunui demo ili asikie wimbo anaoujua tayari. La pili ni sauti, yaani inasikilizika kwa raha au unaivumilia kwa mapenzi. La tatu ni marudio. Vitu hivi vinne vimeazimana nyimbo kama majirani wanavyoazimana vyungu, na ukinunua viwili bila kuangalia utakuwa umelipia chungu kimoja mara mbili. La nne ni maelezo: kitabu, picha, nani alifanya nini. La mwisho ni mfuko, na hilo sina haja ya kulieleza.

1. Albamu ya kwanza, toleo la 2011 (sidi mbili)

Kilichomo. Mwaka 2011 bendi ilikuwa imehamia Universal na inaadhimisha miaka 40, na albamu zote zikatolewa upya, kila moja na sidi fupi ya nyongeza. Sidi ya kwanza ni albamu ya 1973 iliyosafishwa na Bob Ludwig. Ya pili ina nyimbo sita: demo tano za De Lane Lea, yaani "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar", kisha "Mad the Swine", wimbo uliorekodiwa studio ya Trident mwaka 1972 ukaachwa nje ya albamu.

Sauti. Demo hizi hazina mapambo. Unamsikia kila mtu alipo: gitaa huku, besi pale, sauti ya Freddie mbele kidogo, na hakuna zile safu za sauti 20 zilizopandana ambazo Queen walikuja kusifika nazo. Anayeingia humu akitokea "Somebody to Love" ataona kama ameingia nyumba isiyopigwa lipu. Mimi naipenda nyumba hiyo. "Liar" ya demo inakaribia dakika nane na haikuchoshi.

Cha humu tu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Baada ya De Lane Lea bendi ilirekodi albamu Trident, mtaa wa Soho, ikiwa chini ya watayarishaji John Anthony na Roy Thomas Baker. Lakini waliingia kwa saa za makombo: wateja wanaolipa wakishaondoka, usiku wa manane, ndipo Queen wanaitwa. Wakazirudia nyimbo zao zote, na walipofika "The Night Comes Down" wakaona ya Trident haifikii ya Wembley, wakaiweka demo yenyewe kwenye albamu. Toleo la 2011 linakupa demo zile nne nyingine pembeni mwa albamu katika miksi yake ya 1973, yaani sauti za mikanda zikiwa zimechanganywa kama zilivyotoka mwaka huo. Weka neno hilo, miksi ya 1973, akilini; tutarudi kwalo.

Dosari. Ni kidogo. Nyimbo sita tu za ziada, na kijitabu chake ni picha zaidi ya maneno. Pia jihadhari na jambo lililonipata. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikasubiri wiki saba, nikalipa ushuru, nikafungua kifurushi: sidi moja. Kuna toleo la 2011 la sidi moja lenye jalada lilelile, halina demo hata moja. Muuzaji aliniambia hakuandika popote kuwa ni mbili, na nilipoangalia tena, kweli hakuandika. Soma orodha ya nyimbo, jalada halitoshi.

Kinamfaa. Anayetaka mlango mmoja wa kuingilia: albamu yenyewe na demo zake kwa bei ya kawaida.

2. At the Beeb (1989)

Kilichomo. Nyimbo nane zilizorekodiwa kwa ajili ya redio ya BBC, nne za tarehe 5 Februari 1973 na nne za tarehe 3 Desemba mwaka huohuo. Marekani ilitolewa 1995 kwa jina la Queen at the BBC. Sauti ni nzuri kwa umri wake. Cha humu tu: kwa sasa hakuna, nyimbo zote nane zimo On Air. Dosari yake ndiyo hiyohiyo.

Kinamfaa nani, basi? Mtu wa santuri na sidi za mitumba, akiikuta kwa bei ya kutupa. Nina mapenzi nayo kwa sababu ndiyo niliyoanza nayo, na kusema kweli ndiyo pekee kati ya hizi nne ninayoisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nyimbo nane na habari imekwisha. Vitu vya miaka hii havijui kunyamaza.

3. On Air (2016)

Kilichomo. Hapa mezani kumejaa. Queen walirekodi kwa ajili ya BBC mara sita kati ya Februari 1973 na Oktoba 1977, nyimbo 24 kwa jumla, na zote zimo. Kuna toleo la sidi mbili lenye vipindi hivyo sita tu, na toleo kubwa la sidi sita. Kwenye lile kubwa, sidi ya tatu ni maonyesho yaliyorushwa na redio: Golders Green Hippodrome, London, Septemba 1973, São Paulo, Machi 1981, na Mannheim, Juni 1986. Sidi tatu zilizobaki ni mahojiano.

Redio ya siku zile ilikuwa na utaratibu wake. Bendi inaitwa asubuhi, inapewa studio na fundi, na jioni nyimbo nne ziwe tayari. Hakuna wiki tatu za kutafuta sauti ya ngoma. Kipindi cha kwanza kilirekodiwa miezi mitano kabla albamu haijatoka, na kikarushwa katika Sounds of the Seventies, kipindi kilichokuwa kikisikilizwa na kila kijana wa roki Uingereza. Fikiria: watu waliwasikia Queen hewani kabla ya kuweza kununua hata wimbo wao mmoja.

Sauti. Inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Vipindi vinne vya mwanzo, kutoka studio ya Langham 1, vina ukavu fulani. Viwili vya mwisho, kutoka Maida Vale, vimenona. Cha Oktoba 1974, chenye "Now I'm Here" na "Stone Cold Crazy", kinakugonga kifuani hata kwa spika za bei ndogo.

Cha humu tu. Nianze na "Doing All Right", wimbo uliotungwa na May na Staffell tangu enzi za Smile. Kwenye albamu anauimba Freddie peke yake. BBC, beti ya mwisho anaichukua Roger Taylor, na ghafla wimbo unakuwa wa watu wawili wanaopokezana. Kuna "See What a Fool I've Been", bluzi waliyoiweka upande wa pili wa "Seven Seas of Rhye" mwaka 1974. Huku BBC Freddie anaichezea kama paka na panya. Kuna "We Will Rock You" ya kasi ya 1977, ambayo haikuwekwa kwenye albamu yoyote ya studio.

Lakini kama una dakika saba tu za maisha yako za kuipa On Air, zipe "Son and Daughter" ya Desemba 1973. Katikati bendi inanyamaza na Brian May anabaki peke yake na lile gitaa alilolichonga na baba yake kwa ubao wa dohani kuukuu. Anapiga kifungu kifupi. Mashine ya mwangwi inakirudisha. Anapiga kingine juu ya kile kilichorudi. Vyote viwili vinarudi, naye anaongeza cha tatu. Mtu mmoja amekuwa watatu. Gitaa hilohilo la peke yake, likiwa limekua, linasikika mwaka uliofuata ndani ya "Brighton Rock" kwenye albamu ya Sheer Heart Attack. Hapa unalisikia likiwa bado mpangaji kwenye nyumba ya wimbo mwingine. Ndiyo maana nikamwambia mpwa wangu, wewe ni mpiga gitaa, huwezi kupita hapa bila kusimama.

Dosari. Ukitaka Queen ya mwanzo pekee, sehemu kubwa ya lile sanduku la sidi sita si yako. Mannheim 1986 ni bendi nyingine kabisa, bendi ya viwanja vya mpira. Na mahojiano, ingawa lile la Freddie na mtangazaji Kenny Everett la Novemba 1976 linachekesha, mtu huyasikiliza mara moja. Sidi tatu za maneno kwa Kiingereza cha haraka cha redio ni nyingi. Toleo la sidi mbili linatosha watu wengi, ila ukilichukua unaikosa Golders Green, ambako walipiga nyimbo za albamu ya pili miezi kadhaa kabla haijatoka. Nimeshindwa kuamua kama hilo ni kosa au ni bei ya kawaida ya kubana matumizi.

Kinamfaa. Anayeamini bendi hupimwa ikiwa haina muda wa kujipamba. Pia aliyekwisha kuwa na albamu za kawaida na hataki kuzinunua tena: humu hakuna rekodi hata moja iliyonakiliwa kutoka kwenye toleo la 2011.

4. Sanduku la Queen I (2024)

Kilichomo. Sidi sita, santuri moja na kitabu cha kurasa 108, jumla rekodi 63, vilivyotoka tarehe 25 Oktoba 2024. Sidi ya kwanza ni albamu yenyewe, lakini imechanganywa upya kabisa kutoka mikanda ya awali, na "Mad the Swine" imerudishwa kwenye nafasi iliyonyang'anywa mwaka 1973. Ya pili ni demo za De Lane Lea, nazo zimechanganywa upya. Ya tatu ni majaribio na vipande vya studio: kuanza vibaya, kurudia, kucheka, sauti za kuongozea ambazo hazikukusudiwa kumfikia mtu yeyote. Ya nne ni muziki bila mwimbaji. Ya tano ni nyimbo za albamu hiyo kutoka vipindi vya BBC. Ya sita ni jukwaani, pamoja na mkanda wa onyesho lao la kwanza London, Agosti 1970, wakati John Deacon hajajiunga.

Sauti. Hapa ndipo wapenzi wa Queen wanapogombana, na wana sababu. Bendi haikuwahi kuridhika na albamu hii. Trident walikuwa na mtindo wa kuzipiga ngoma ndani ya kijichumba kilichofunikwa kila upande, ngoma zikatoka kavu kama mtu anayepiga godoro, na Roger Taylor hakuipenda sauti hiyo tangu siku ya kwanza. Lakini nani angewasikiliza wanagenzi wanne walioingia kwa saa za makombo? Mwaka 2024 mafundi wao Justin Shirley-Smith, Joshua Macrae na Kris Fredriksson, wakiwa na May na Taylor pembeni, wakaenda kwenye kila chombo na kukitafutia sauti ambayo bendi ilikuwa ikiitaka. Brian May mwenyewe amesisitiza kuwa huku si kusafisha tu. Ni kuijenga albamu upya.

Matokeo? Ngoma zinapumua. Besi ya Deacon, ambayo zamani ulikuwa unaikisia, sasa unaishika mkononi. "Great King Rat" imekuwa kubwa mara mbili. Upande wa pili wa jambo, kuna kitu cha 1973 kimeondoka: ule ukavu, ule msongamano, ile hali ya watu waliochoka saa tisa za usiku. Mzee aliyerudi kuifanyia ukarabati nyumba aliyozaliwa huweka madirisha mapana. Nyumba inapendeza, ila ukimleta aliyeishi humo utotoni atauliza ule ukuta wenye ufa uko wapi.

Na hapa ndipo lile neno nililokuomba ukumbuke linapoingia. Katika sidi zote sita, miksi ya 1973 haimo. Ukinunua sanduku hili ukidhani utapata na albamu kama ilivyotoka zamani, hutaipata.

Cha humu tu. Sidi ya tatu, bila ushindani. Demo inakuonyesha wimbo uliokamilika kwa mara ya kwanza. Sidi hii inakuonyesha wimbo unaokataa kukamilika. Wanaanza, mtu anakosea, kunakuwa kimya, kisha kicheko, kisha vijiti vya ngoma vinahesabu upya. Freddie anaimba sauti ya kuongozea huku akijua itafutwa, na kwa kuwa anajua, haimbi kwa ajili ya historia. Anaimba ili wenzake wasipotee. Sijui sehemu nyingine ambapo unamsikia akiwa hana watazamaji hata kichwani mwake.

Dosari. Bei, kwanza; hili ni sanduku la mtu aliyejipanga, na ukiongeza usafiri na ushuru linakuwa jambo la kikao cha familia. Pili, sidi ya nne. Muziki bila sauti unamfaa mwanamuziki anayetaka kujifunza au mtu wa karaoke, wengine wataiweka mara moja na kuisahau. Tatu, BBC yake imekatwa: nyimbo za albamu ya kwanza tu, kwa hiyo "Ogre Battle" ya Desemba 1973 na "White Queen" ya Aprili 1974 hazimo. Kuna pia matoleo madogo ya Queen I ya bei nafuu, na onyo langu la orodha ya nyimbo linahusika hapo vilevile.

Kinamfaa. Mtafiti, mpiga ala, na yule ambaye tayari anayo albamu ya zamani na hatahisi ameibiwa ukuta wake wenye ufa.

Utaniuliza kuhusu Live at the Rainbow '74, iliyotoka 2014. Ni nzuri sana, Machi na Novemba 1974 jukwaani London, lakini hayo ni maonyesho kamili ya bendi iliyoiva. Kwenye kabati la makombo na majaribio haina rafu yake.

Wimbo mmoja, milango mingi

Njia rahisi ya kujua wewe ni mteja wa ipi ni kuusikiliza wimbo mmoja kila mahali. Chukua "Keep Yourself Alive", ulio kwenye zote nne, na uutafute kwenye simu kabla hujatoa hata senti.

Demo ya 1971 inafunguka kwa gitaa lisilo la umeme, kama mtu anayebisha hodi. Brian May amesema kwa miaka mingi kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa na uhai, na kwamba Trident walihangaika kuufukuzia bila kuukamata. Ya albamu ya 1973 inafunguka kwa gitaa la umeme linalozungushwa na mitambo, linakuja kama injini ya lori inayowaka asubuhi ya baridi. Ni la kuvutia, lakini ni la kukusudia. BBC ya Februari 1973 ina haraka ya watu wanaoangalia saa. Sanduku la 2024 lina demo iliyopanuliwa, jaribio la Trident lililowekwa kando, na albamu yenye ngoma mpya.

Ukijikuta unarudia demo, nenda toleo la 2011 au sanduku. Ukirudia BBC, jibu lako ni On Air. Ukiipenda ya 2024 kuliko ya 1973, una bahati mbaya ya kupenda kitu cha bei. Na ukiona zote ni sawa tu, hilo nalo ni jibu; hela yako inunulie Greatest Hits na hakuna atakayekucheka.

Sasa, kulingana na hali yako

Huna kitu chochote cha Queen ya mwanzo na unataka kuanza: toleo la 2011 la sidi mbili. Unapata albamu kama waliyoisikia watu wa 1973 na unapata demo, na ukija kupanda baadaye hakuna kitakachokuwa kimeharibika.

Albamu zote unazo na unatafuta usichokuwa nacho: On Air ya sidi mbili. Lile la sidi sita lichukue ukiwa mtu wa mahojiano, au Golders Green ikikukosesha usingizi.

Unayo On Air tayari na unalitazama sanduku la 2024: jua kuwa sidi ya tano utakuwa unairudia karibu yote. Thamani yako iko kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu. Zipime hizo tatu dhidi ya bei ya sita.

Unayo ya 2011 na unajiuliza kama demo za 2024 zinatosha kukufanya ununue: peke yake, hapana. Nyimbo ni zilezile, zimeoshwa uso. Sidi ya majaribio ndiyo inayoweza kukushawishi.

Unapenda kushika kitu mkononi, unasoma majina ya mafundi na unataka picha: kitabu cha sanduku hakina mpinzani kati ya hivi vinne. Ukiwa na mtoto anayesoma muziki, muziki bila sauti wa sidi ya nne utamfanyia kazi ambayo mwalimu wa besi angekutoza.

Intaneti yako ni ya vifurushi vya siku na huna mpango wa kuagiza chochote nje: pakua nyimbo tano tu za kuanzia. Demo ya "Liar", demo ya "Jesus", "Doing All Right" ya Februari 1973, "Son and Daughter" ya Desemba 1973, na "My Fairy King" popote uikutapo. Hiyo ya mwisho ina mstari unaomtaja Mama Mercury. Brian May anasimulia kuwa ndipo Freddie alipotangaza kuwa tangu leo yeye ni Mercury. Kijana wa Unguja alibadili jina lake katikati ya wimbo, na wewe utakuwa umesikia mahali penyewe.

Mpwa wangu nilimwambia On Air, sababu ya lile gitaa. Alinijibu baada ya siku mbili: "Asante mjomba. Nimechukua ya 2011, kuna mtu hapa Tanga anaiuza." Nikamuuliza ni sidi moja au mbili. Bado hajajibu.